Saini Arobaini na Mbili

Kwa miaka kumi na tisa Hulda Kapenda alikata sabuni kwa waya katika kiwanda kidogo cha Kamina, sabuni ya mawese yaliyoletwa kwa baiskeli kutoka Kabongo. Wenzake walimchagua awe delege wao, msemaji wao mbele ya wakubwa, kwa sababu moja tu: hakuwa mtu wa kumung'unya maneno.

Siku ile Bwana Chrispin, mkuu wa wafanyakazi, aliwakusanya uani akawaeleza kwamba serikali imetia saini mkataba wa biashara huria. Sabuni ya nchi jirani itaingia bila ushuru, basi kiwanda kitafungwa na kugeuzwa ghala la sabuni hiyo hiyo. Ghala linahitaji watu sita. Wao walikuwa arobaini na wawili.

"Nani alituuliza?" akafoka Priscille, mpishi wa sabuni. "Siye tunakatala! Bote!"

Mikono yote ikapanda juu.

Hulda ni Mmethodisti, na kwa Wamethodisti wa Kamina mkutano usio na orodha ya waliofika haujafanyika. Akina mama wakikutana kupanga kwaya tu, karatasi inazunguka. Basi kwa mazoea akachana ukurasa wa daftari, akauzungusha, kila mtu akatia jina na saini. Kisha, kwa adabu zake zote, akamkabidhi Bwana Chrispin. Juu ya majina hakuandika kitu. Laiti angeandika hata neno moja, "tumekataa"!

Wiki mbili baadaye tangazo likabandikwa langoni: wafanyakazi wameshauriwa na wameridhia, tazama saini zao. Chini yake ilikuwepo nakala ya ukurasa ule ule, na juu ya majina mtu alikuwa amepiga chapa: "Tumekubali."

Damu ilimchemka Hulda. Wezi! Wakubwa wanauza kazi za watu bila kuwauliza, halafu wanataka ionekane waliuliza. Na aliyewafungulia mlango ni yeye mwenyewe.

Siku hiyo hiyo akamwandikia barua inspekta wa kazi, safari hii neno TUNAKATAA likiwa kubwa juu kabisa, akaipeleka kwa Priscille kwanza. Priscille akaficha mikono nyuma.

"Mama Hulda, minyi shitatia tena jina yangu ku karatasi yako. Weye njo ulibapatia ile ya kwanza."

Hulda akapita nyumba kwa nyumba mpaka karibu na Base, kambi ya jeshi, na wote wakamwambia hayo hayo, wengine bila hata kufungua mlango.

Kesho yake akaingia ofisi ya inspekta wa kazi peke yake. Karani akaigeuza barua mbele na nyuma.

"Mama, huku iko jina moya tu. Ya bengine iko wapi?"

"Ya bengine mulishaka kuiba," Hulda akasema, akabaki amesimama pale mezani akidai barua ipigwe muhuri wa kupokelewa.