Makochi ya Kijani Sebuleni Kwangu

Babati ni mji wa watu wanaohama. Tangu tuwe makao makuu ya mkoa, watumishi huletwa na kuondolewa, na mtumishi akipata uhamisho vitu vyake hutolewa nje vikapangwa uani, nasi majirani tunapitapita tukijifanya tumekuja kumuaga. Vitu vyangu karibu vyote nimevipata kwa njia hiyo. Makochi ninayotaka kuyasimulia yalikuwa ya afisa mmoja aliyehamishiwa kusini, naye nadhani aliyachukua kwa mwingine aliyehama kabla yake.

Yalikuwa mabaya, sina namna nyingine ya kusema. Ngozi ya bandia ilikuwa imepasuka na kujikunja, sponji limesagika likawa unga, na lile kochi refu lilikosa mguu mmoja, limeegeshwa kwenye tofali. Mke wa afisa alianza kunieleza uzuri wake. Nikamwambia, "Mama, usijichoshe. Nayachukua hivyohivyo."

Wakati huo nilikuwa nimefunga kibanda changu cha cherehani pale mjini. Nilishona sare za shule na magauni ya harusi kwa miaka mingi, hadi watu wakasahau jina langu wakabaki kuniita fundi. Nilifunga kwa sababu ya mama. Alikuwa akiishi peke yake Mutuka, kwenye shamba lake, mpaka majirani walipoanza kumkuta njiani alfajiri, akienda kuokota kuni kwenye msitu uliokatwa zamani nikiwa bado mtoto. Nikamleta kwangu Singe. Kiswahili kikamtoka kidogo kidogo, akabaki na Kigorowa chake, na hata hicho alikitumia kuongea na watu ambao mimi siwaoni. Ndugu zangu wanapiga simu. Wanauliza, "Mama hajambo?" Nasema hajambo. Wanasema, "Mungu akubariki sana," halafu salio lao linaisha.

Nilikuwa nimechoka. Si uchovu wa kulima, ambao mtu akilala unaisha. Kumwogesha mtu mzima, kumlisha, kufua mashuka, kumrudisha ndani kila anapotoka, kisha kufua tena mashuka yaleyale. Nilikuwa nasinzia nimesimama, mwiko mkononi, ugali unaungua. Sikutaka makubwa. Nilitaka mtu mmoja wa kukaa na mama asubuhi mojamoja, mimi nilale.

Na nilijua kabisa mtu huyo anapatikana wapi. Jumuiya yetu ya kanisani ni ya majirani wa mtaa mmoja. Tunasali nyumba kwa nyumba kwa zamu, na nyumba ikiwa na mgonjwa kina mama hugawana siku za kwenda kusaidia. Mwenye nyumba haombi. Tunapokuja kusali tunajionea wenyewe hali ilivyo, na tukishaaga, hapo nje kwenye njia, mwenyekiti anapanga nani aje lini. Ndivyo tulivyozoea, na hakuna mtu aliyewahi kuomba kwa mdomo wake.

Sasa zamu ya kusaliwa kwangu ilikuwa inakaribia. Mtu mwenye akili zake angewaacha waje waone. Lakini mimi nimekuwa miongoni mwa hao wanaosimama njiani, na najua tunavyosema tukiwa pale. Tunasema "masikini" kwa sauti ya chini. Tunasema, "Umeliona lile godoro?" Mimi na huruma ya watu hatujawahi kuelewana. Nikaona heri wakute sebule ya mtu anayejiweza, kisha wanisaidie kwa heshima, kama wanavyomsaidia mke wa mkubwa. Nilidhani mambo hayo mawili yanaweza kwenda pamoja.

Nikaanza kazi uani, mama amekaa kwenye mkeka karibu yangu akikunja na kukunjua vipande vya kitambaa. Nilibandua ngozi yote, nikang'oa pini mojamoja kwa koleo. Chini ya sponji nikakuta gunia, na chini ya gunia kitana, kifuniko cha kalamu na maganda ya karanga walizokula watu nisiowajua. Mbao zilikuwa za paina, laini, mtu alishajaribu kuzipaka rangi zifanane na mninga akashindwa. Nikazisugua kwa msasa, mkali kwanza kisha laini, mpaka ncha za vidole zikawa hazisikii kitu. Nikapaka rangi ya mbao iliyokolea, nikaifuta kabla haijakauka ili mistari ionekane, ndipo nikaweka vanishi isiyong'aa. Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Wanapenda vanishi ya kung'aa, na kitu cha bei rahisi kikishang'aa kinajitangaza chenyewe.

Miguu mipya alinichongea seremala mmoja wa barabara ya Bonga, mirefu kidogo na myembamba. Kochi likiinuka kutoka sakafuni, mtu akaona hadi ukutani kumefagiliwa, linapanda hadhi hapohapo. Kitambaa nilikipata kwenye mitumba: mapazia ya mahameli, kijani iliyoiva, mazito, yamepauka upande mmoja kwa jua la nchi za watu. Nikayageuza. Vifungo nikavivalisha mahameli hiyohiyo, nikavizamisha kwenye sponji jipya kwa sindano ya magunia, kamba nikaivuta kwa meno. Pembeni nikapanga misumari ya vichwa vya shaba. Meza yangu ya sebuleni, yenye ufa, nikaibandika stika ya mfano wa marumaru, na pembe zake nikazikunja kwa pasi ya moto ili mshono usionekane. Vitambaa vyangu vya kufuma, vya waridi na vya bata, nikavikunja vyote nikaviweka sandukuni. Mwenye uwezo hafuniki kochi lake.

Kazi ile ilinipa furaha, lazima niseme. Mama hakuwa anatengenezeka. Nilimwogesha leo, kesho anahitaji kuogeshwa. Nilimfundisha choo kiko wapi, akaniuliza mimi ni nani. Kochi nililisugua asubuhi na mchana lilikuwa zuri kuliko asubuhi. Kwa mtu aliyekuwa katika hali yangu, hiyo haikuwa furaha ndogo.

Siku ya sala nilimwogesha mama mapema, nikamlisha, nikamweka chumba cha nyuma na redio yake, nikafunga mlango. Nilikuwa nimenunua udi kwenye duka la mzee mmoja Mwislamu karibu na stendi, kwa ajili ya ile harufu ya mkojo isiyosikia sabuni wala dawa. Mzee aliniuliza, "Una harusi, mama?" Nikamwambia nina sala. Akacheka, akaniongezea vipande viwili.

Kina mama wakafika, wakapiga hodi, wakaitikiwa, wakasimama mlangoni. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukaa. Wakavua viatu, wao ambao kwa mwenzetu wa jirani huingia na matope ya shamba. Mmoja akapitisha kiganja kwenye mahameli, kwenda na kurudi, akitazama rangi inavyobadilika.

"Haya umeagiza Arusha?" akaniuliza.

"Nimeyapata hapahapa," nikasema, na sikuongeza neno.

Mwingine akauliza vitambaa viko wapi. Mwenzake akamjibu kabla yangu kwamba makochi ya siku hizi hayafunikwi, na akamtazama kama mtu wa kijijini. Moyoni nilifurahi kupita kiasi.

Katikati ya rozari mama akaanza kuita. Aliita jina la dada yake aliyekufa zamani. Nikapandisha sauti, nao wakanifuata, tukasali kwa nguvu kama watu wa mkesha, mpaka akanyamaza. Wakati wa chai mwenyekiti wetu, mama mpole anayenizidi umri kidogo, akainama upande wangu.

"Bibi anaendeleaje?"

Kwetu swali hilo lina jibu moja. Mgonjwa anaendelea vizuri hata kama amekata kauli. "Anaendelea vizuri," nikasema, "tunamshukuru Mungu. Amepumzika."

"Na msichana wako wa kazi yuko wapi, atupokee vikombe?"

"Leo hayupo," nikasema, na hilo lilikuwa kweli. Hata jana hakuwapo, wala hakuwahi kuwapo.

Nikaanza kusubiri watoke nje wakapange. Hawakutoka. Walikuwa wamestarehe mno, wameegemea, mmoja amepandisha miguu. Mwenyekiti akapangia humohumo ndani. Akasema kuna mwenzetu wa upande wa juu, ametoka hospitali amepasuliwa tumbo, anahitaji watu wa kumfulia na kumpikia. Akagawa siku. Kisha akanigeukia, akatabasamu kwa upendo kabisa.

"Fundi, wewe Mungu amekujalia, nafasi unayo na msaidizi unaye. Tukupe Alhamisi?"

Nilifungua mdomo. Maneno yangu nilikuwa nimeshayapanga, nilikuwa nayasema peke yangu nikifua. Wote walikuwa wananitazama kutoka kwenye makochi yangu, wakiniheshimu.

"Hakuna shida, mwenyekiti," nikasema.

Walipoondoka nikaosha vikombe kwa hasira, kimoja kikavunjika mkono. Niliwakasirikia. Watu wazima, wenye mama zao, wamemsikia bibi akiita nyuma ya ukuta na wamepandisha sauti ya sala. Halafu nikakumbuka ni nani aliyeanza kuipandisha. Nikaenda nikasimama mlangoni pa sebule nikayatazama makochi. Sikuwa na la kuyalaumu. Yalikuwa yamefanya kazi ileile niliyoyatuma. Mama alikuwa amelowa tena, nikaenda kumbadilisha.

Alhamisi ilipofika nilifikiria kutuma ujumbe kwamba naumwa, nikaona aibu, kwa sababu asiyekwenda kwa wenzake hana wa kuja kwake. Nikamnywesha mama uji. Nikaondoa kiberiti na visu nikavipandisha juu ya kabati. Nikamsubiri alale, nikatoka, nikatia kufuli mlango wa nje, ufunguo nikaufunga kwenye pindo la kanga. Njia nzima nilijiambia nitafua upesi nirudi kabla hajaamka.

Nyumba ya mgonjwa iko karibu na mashamba. Sebuleni kuna benchi moja, kiti cha plastiki kilichoshonwa ufa wake kwa waya, na ndoo za maji. Na ilikuwa imejaa watu. Nilipangwa mimi na mwenyekiti tu siku ile, lakini wengine walikuwa wamekuja bila kuambiwa. Kulikuwa na wa kuchota maji, na wa kuchambua maharage, na mmoja ambaye kazi yake pekee, nilivyoona, ilikuwa kuchekesha wenzake. Mashuka yalikuwa yameshafuliwa, yamejaa kwenye kamba. Mgonjwa, mama wa makamo, alikuwa kitandani na mlango wa chumba ukiwa wazi, akifuata mazungumzo na kuomba wasimchekeshe, nyuzi zinauma.

Nilimwonea wivu. Nalisema kama lilivyo: nilimwonea wivu mwanamke mwenye mshono tumboni, kwa sababu alikuwa amelala mchana na hakuna aliyeshangaa.

Wakanipa viazi nimenye. Nikakaa kwenye benchi, nikamenya kimoja, cha pili sikukimaliza. Niliposhtuka usingizini kisu kilikuwa kimeshatolewa mkononi mwangu, na kina mama wananicheka kwa wema. "Fundi, umekesha na tenda ya nani?" Mgonjwa hakucheka. Aliniita niende karibu na kitanda. Nikaenda, nikidhani anataka maji.

Alinitazama vizuri, kama mtu anayekagua nguo kabla ya kuinunua. Kisha akaniuliza kwa sauti ya kawaida, "Bibi umemwacha na nani?"

Miezi yote ile watu walikuwa wananiuliza mama anaendeleaje. Hili la nimemwacha na nani hakuna aliyeniuliza, si ndugu zangu, si jumuiya, na sikuwa nimeliandalia jibu. Nikafungua pindo la kanga, nikamwonyesha ufunguo kwenye kiganja.

"Nimemfungia," nikasema.

Sebuleni wakaacha kuchambua maharage. Mwenyekiti alikuja akasimama mlangoni, mikono inachuruzika maji, akaanza kusema kuhusu msichana wa kazi, hakumaliza. Nilikuwa nimeanza kulia, si kwa huzuni wala kwa aibu, ni uchovu tu uliokuwa unatoka, na sikuwa na nguvu ya kuuzuia. Mgonjwa hakuniambia ninyamaze. Alifunua blanketi, akashika tumbo lake kwa mkono mmoja, akashusha miguu sakafuni, akaanza kupapasa kwa vidole akitafuta kandambili zake.