Fundi aliyepikia ugali sauti ya fidla

Saa mbili asubuhi mtaa wa Mwembesongo umeshachangamka, lakini ndani ya karakana ya Eufrazia Athanas kuna ukimya. Seremala huyu wa vitanda, mwenye miaka 46, anapenyeza kijiti kinene kama penseli ndani ya fidla kupitia tundu jembamba. Kinaanguka. Anakivua kwa waya, anarudia. Safari hii kinasimama.

"Kaa hapo hapo, mwanangu," anakiambia.

Leo hana utani. Saa nne anakuja Hafidhi, mpiga fidla wa kundi la taarabu la Dar es Salaam, kuijaribu fidla hii ya kifua cha msonobari na mgongo wa mninga. Ni ya saba kuunda. Sita za kwanza zinaning'inia ukutani, zote bubu.

Yote yalianza mwaka 2019, kwaya moja ya huko milimani Uluguru ilipomletea fidla iliyopasuka. Alipoifungua, kijiti kikadondoka. Akaona ni takataka, akakitupa jikoni chini ya sufuria ya ugali. Ufa akauziba vizuri, vanishi akapaka, fidla ikang'aa. Wanakwaya walipoipiga wakasema imekufa sauti.

"Niliona aibu jamani. Nikaapa nitaunda ya kwangu mpaka nijue nilikosea wapi."

Kitanda humchukua siku tatu na kumpa shilingi laki mbili. Fidla moja ilimla miezi miwili bila kumpa hata senti. Jirani yake Chausiku, muuza vitumbua, alimuuliza kwa utani kama hivyo visivyolia ni vikopo vya kuwekea chumvi. Eufrazia alicheka naye, kisha akaenda kulia stoo.

Mwaka jana Hafidhi alisikia habari zake akisubiri basi stendi ya Msamvu, akapita kuona. Akamulika simu ndani ya tundu la mojawapo ya zile bubu na kuuliza kijiti kiko wapi, maana ndicho kinachopeleka mtetemo wa nyuzi hadi mgongoni.

"Nilikaa chini sakafuni. Miaka yote hiyo natafuta kitu nilichopikia ugali!"

Saa nne Hafidhi anaingia. Anaweka fidla begani, anavuta upinde. Sauti inajaa karakana na kutoka mpaka barabarani. Chausiku anaacha vitumbua viungue. Eufrazia machozi yanamtiririka, wala hayafichi.

Hafidhi anamaliza wimbo mzima, anaunganisha na mwingine.

"Dada, hii siiachi hapa," anasema, kisha anaagiza nyingine mbili.

Eufrazia anamwomba dakika moja. Zile sita hakuziandika jina. Wiki hii anapanga kuzitia vijiti zote, na moja aipeleke mwenyewe mlimani kwa wanakwaya wale, bila malipo. Anaandika kikaratasi, anakipaka gundi na kukipenyeza ndani ya fidla:

"Eufrazia, Mwembesongo. Utakayeifungua, kijiti usikitupe."