Veronika Alivyofuta Bahari

Veronika, mfinyanzi wa Matema, hakuwahi kugombana na mtu kama alivyogombana na plastiki. Tangu biashara ilipoachiwa huru na mizigo ikaanza kumiminika kupitia mpakani Kasumulu, duka la Zubery kule Kyela mjini lilifurika mabeseni mekundu na ya kijani kama kasuku. Zamani wanawake walikuja na mpunga, wakaujaza ndani ya chungu mpaka ukingoni, wakamwachia mpunga huo kama malipo na kuondoka na chungu. Sasa walipita wakisalimia tu. Veronika aliitikia "ndaga" kwa mdomo, na moyoni akayaombea mabeseni yao yayeyuke.

Basi mwaka mmoja Mwalimu Ambrose, anayefundisha jiografia darasa la saba, akawa anatafuta dunia. Shule haikuwa na tufe. Zubery alikuwa nalo moja, la plastiki, na kamati ilikwisha kukubali lichukuliwe. Veronika alipozisikia habari hizo gulioni, alimfuata mwalimu na udongo ungali viwikoni, akamwambia chungu chake kina mviringo kuliko mpira wowote wa Zubery, ampe picha tu. Mwalimu akampa karatasi ya ramani, na siku, Ijumaa. Chungu kisipofanana na ramani, alisema, shule itachukua la plastiki.

Hapo heshima ya miaka arobaini ya kufinyanga ikawa inaning'inia kwenye karatasi.

Alifinyanga chungu cha mviringo chenye shingo fupi, akakisugua kwa kokoto mpaka kikang'aa kama kipara cha mzee wa kanisa. Kisha akaiweka ramani magotini. Maandishi hakuhangaika nayo. Aliishia darasa la pili na aliona linatosha. Alitazama kingo, maana mfinyanzi hutazama kingo, nazo zikamkera. Upande wa kushoto wa Afrika kulikuwa na kwapa. Ng'ambo ya maji kulikuwa na nchi yenye bega, na bega lile lilikuwa saizi ya kwapa lile. Katikati, bahari tupu. Veronika aliokota vigae maisha yake yote. Vigae vya chungu kimoja hawezi kuvikosea. Akaona aliyechora kaviacha vimeachana kwa uzembe, basi akamsaidia. Akachora nchi zile zimebanana, bahari akaifuta yote, akakichoma chungu kwa matete pale mchangani kando ya ziwa.

Ijumaa mwalimu akaja na baiskeli, tufe la Zubery amelifunga nyuma kwa tahadhari. Veronika akaligeuzia mgongo. Mwalimu akakizungusha chungu, mkono ukasimama.

"Mama, bahari ya Atlantiki iko wapi?"

"Nimeiziba. Ulikuwa ufa."

"Bahari haizibwi, mama yangu."

"Wewe ndiye huwezi. Mimi nimeziba, si unaona?"

Mwalimu akakiweka chungu chini. Akakaa juu ya kinu kilicholala, akamweleza kwamba kabla yeye Veronika hajazaliwa, Mjerumani mmoja mtaalamu wa hali ya hewa alilitazama bega lile na kwapa lile, akasema nchi hizo zilikuwa kipande kimoja zikaachana. Wenzake wakamcheka, ingawa mifupa ya mnyama mmoja wa kale kama mjusi, wa maji baridi, ilikutwa pande zote mbili, na mnyama huyo asingeweza kuvuka bahari ya chumvi. Mjerumani alikwisha kufa ndipo wengine walipopima sakafu ya bahari wakajua: ganda la dunia limekatika vipande vikubwa, viitwavyo mabamba, navyo vimekaa juu ya mwamba wa moto, mgumu lakini unaovutika polepole kama udongo. Kila mwaka Afrika na nchi ya bega huachana kiasi cha kucha zinavyokua.

Veronika akatazama kucha zake, zimeliwa na udongo mpaka nyamani. Akasema kwa kucha hizo bahari isingepanuka hata kidogo.

Mwalimu akanyoosha kidole ziwani. Hili nalo ni ufa, akasema. Nchi inavutwa huku na huku, katikati imezama, maji yakajaa, ndiyo maana milima ya ng'ambo imesimama wima vile na ardhi hutikisika mara mojamoja. Hili Veronika hakulibishia. Alilitazama ziwa refu, jembamba, akasema chungu kilichoanikwa kwa haraka hupasuka hivyohivyo. Akauliza kama ufa utafika mlangoni kwake kabla ya masika. Aliposikia ni mamilioni ya miaka, akaendelea kuanika vyungu vyake palepale.

Lakini chungu hakikufanana na ramani, na neno lilikuwa limeshatoka. Mwalimu akamwomba afinyange kingine, chenye bahari.

"Mimi sifinyangi nyufa makusudi."

Mwalimu akajikuna kichwa. Akasema basi atachukua vyote viwili. Ataanza na tufe, dunia ya leo, chungu kitafuata.

"Ipi ilitangulia kuwapo, hiyo ya plastiki au yangu?"

"Yako, mama. Kwa miaka mingi sana."

"Basi yangu ikae mbele."

Ikakaa mbele. Jumatatu darasa la saba walikuja kila mtoto na mpunga wake mkononi, wakaumimina kwenye shingo ya dunia mpaka ukingoni, kama desturi ilivyo, Veronika akisimamia. Alipomaliza kufunga mpunga wake kwenye kanga, alilitazama tufe la Zubery pale nyuma, lisilo na mdomo wala tumbo, akauliza kwa sauti ya kusikika hilo lingejazwa wapi.