Pua ya Lori

Gulu, gulu, gulu. Ndivyo lori lilivyolia tumboni, kama mtu mwenye kiu anayekunywa kwa kibuyu bila kupumua. Mpaka leo nikisikia maji yakiingia kwenye chombo chenye shingo nyembamba, naacha ninachofanya.

Ilikuwa miaka ile ya thelathini, nami nilikuwa msichana mchuma chai katika mashamba ya Kericho. Kwetu ni kando ya ziwa. Mama alishikwa na kifua, akakonda, akawa na ombi moja tu. "Msinizike huku kwenye baridi," alisema. "Nipelekeni nyumbani."

Mimi habari ya kuzika sikutaka kuisikia. Niliwaza treni. Niliwaza mama akiletewa samaki mbichi, akila, akinenepa, na mimi dirishani nikipungia watu nisiowajua.

Mjomba wangu, mdogo wake mama, ndiye aliyeendesha lori la shamba, akipeleka masanduku ya chai stesheni, upande wa Kedowa. Aliomba ruhusa, tukampandisha mama juu, akaegemea masanduku. Treni ya kwenda ziwani haikuwa ya kila siku. Tukiikosa hiyo, tungengoja, na mama hakuwa mtu wa kungoja tena.

Hatukufika mbali. Mvuke ulitoka mbele, mjomba akasimama, akangoja rejeta, lile tangi la maji ya kupoza injini, ipoe, akaijaza maji ya mto mpaka yakamwagika. Tukaenda kidogo. Ikachemka tena. Akajaza tena.

"Imejaa, na bado inachemka," akasema. "Hii maji inaenda wapi?"

"Labda inakunywa kama wewe Jumamosi," mama akamjibu kutoka juu. Alikuwa bado ana mzaha.

Sasa, mjomba alikuwa na desturi yake, na madereva wengi wa kule walikuwa nayo: hakusimamisha lori ila kwenye mteremko, pua ikiwa chini, ili kuliwasha aliachie tu lijiviringishe. Hendeli, kile chuma cha kuzungusha injini kwa mkono, aliiogopa. Iliwahi kumrudishia pigo likamvunja kifundo cha mkono. Kwa hiyo kila tulipojaza maji, tulijaza lori likiwa limeinamisha kichwa.

Mara ya tatu tulisimama kabla ya daraja moja la mbao, mteremkoni. Mama alikuwa ameteleza kutoka kwenye masanduku, akilala kichwa kikielekea chini, akawa hapati pumzi. Nikamwinua. Alipoweza kusema, akamwambia mjomba, "Mtoto wa mama, hata hili gari lako liwekee mto wa kulalia. Hivi ulivyolilaza, mimi ningekuwa nimekufa."

Mjomba akacheka, kisha akaacha kucheka. Akatazama rejeta iliyokuwa chini, akatazama injini iliyokuwa juu yake.

"Hewa," akasema. "Hewa imekaa huko nyuma, maji haipiti. Na ni mimi naifungia."

Akaliachia lori, likawaka, likavuka daraja na kupanda kidogo ng'ambo. Akasimama pua ikiwa juu, nikatia mawe nyuma ya magurudumu. Injini aliiacha ingurume polepole. Akafunika kifuniko cha rejeta kwa gunia lililoloweshwa, akakilegeza kidogo kidogo mpaka mvuke ukaisha.

"Wewe finya huo mpira wa maji, kati ya rejeta na injini," akaniambia. "Finya, achia. Kama unakamua ng'ombe."

Nilivua kitambaa cha kichwa, nikauzungushia ule mpira maana ulikuwa moto, nikafinya. Yeye akamimina maji kidogo kidogo. Mapovu yakaanza kupanda: gulu, gulu, gulu. Maji yakashuka, akaongeza. Nilimwambia mama, "Sikia, inapumua." Nilikuwa na furaha, siwezi kukataa. Niliona kabisa tutafika.

Mapovu yalipokwisha, injini ikatulia, na katika utulivu huo tukasikia filimbi ya treni huko bondeni. Ililia mara moja, ikawa inakwenda.

Mjomba alibaki ameshika kopo. Mama ndiye aliyesema, kwa sauti ya kawaida, "Basi peleka chai ya watu. Halafu turudi."

Lori halikuchemka tena, si kwenda wala kurudi. Mama alifariki kabla ya treni nyingine. Tulimzika ukingoni mwa shamba, ukungu ukiwa umetufunika, na mjomba ndiye aliyechimba sehemu kubwa, kwa ule mkono wake mbovu.

Kesho yake watu walipokwenda kuchuma, nilipita bandani. Lori lilikuwa limeegeshwa nje, pua juu, mawe nyuma ya magurudumu. Nilifungua boneti. Injini ilikuwa baridi. Nikaushika ule mpira wa maji, nikaufinya, nikaachia, nikatega sikio nisikie kama inapumua. Nikaufinya tena.