Springi za Gari la Baba

Nikisikia harufu ya grisi pale Darajani, huikumbuka njia ya Chwaka. Baba alikuwa ameongeza vyuma kwenye springi za gari lake, lipate kubeba nazi nyingi zaidi. Likijaa lilikwenda vizuri. Likiwa tupu lilirusha watu.

Siku mama aliposhikwa na uchungu wa kuzaa, tukimpeleka hospitali mjini, lilikuwa tupu. Nilikipakata kichwa chake. Kila tukiingia shimo alipiga kelele.

Baba akasimamisha gari, akaanza kupakia mawe ya kando ya njia ili litulie.

"Wacha mawe, baba watoto, twende!"

"Nnakuhurumia, mke wangu."

Akapakia mpaka jasho likamchuruzika. Tukaingia mjini bila mtikisiko. Mama alikuwa kimya, nami nikafurahi, nikidhani amelala.