Sijambo ya Fundi Rangi

Mtaa mzima walimwita Mama Vifungo, maana hata nguo yako ichakae vipi, hakukuacha uondoke na kifungo kilicholegea. Cherehani alipewa na mradi wa kupunguza umaskini, mradi wenye jina refu kuliko uchochoro aliokaa. Mradi huohuo ulimlipia mumewe dawa za kifua. Mume alikuwa fundi rangi. Alipaka nyumba za watu miaka nenda rudi, vumbi la msasa likamla mapafu, na sasa hata kuvaa viatu kulimwacha akihema.

Ziliposikika habari kwamba watu wa tathmini wanakuja, Mama Vifungo alifanya ambacho mwanamke yeyote mwenye haya angefanya: aliazima. Viti kwa jirani, zulia kwa wifi, vikombe kwa mama mwenye nyumba. Ama mgeni aketi wapi, sakafuni? Hawa wanaopima umaskini sijui hutegemea kuona nini. Nani atakupokea na shida zake mlangoni?

Mtathmini alikuwa binti mpole, hakuwa na ubaya wowote. Alimgeukia mzee.

"Shikamoo, baba. Hujambo na kifua?"

"Marahaba, mwanangu. Sijambo kabisa."

Alikuwa na shati lililopigwa pasi, amekibana kikohozi hadi mishipa ya shingo ikamtoka. Mama Vifungo akafungua kinywa, akakifunga. Utamuumbuaje mumeo mbele ya mtoto wa watu? Akamimina chai.

Baadaye ikaja simu: hongera, familia imeinuka, sasa wasaidiwe wengine. Dawa zikakatwa. Mama Vifungo akaenda ofisini mbiombio.

"Lakini mama, baba mwenyewe aliniambia hajambo," binti alisema, machozi yakimlenga. "Na nyumba niliiona. Ripoti imeshapita, sina la kufanya."

"Ile ilikuwa salamu, mwanangu. Alikuwa anakuitikia salamu tu."

Akarudi nyumbani roho ikimuuma. Kesho yake akauza cherehani, akanunua dawa, wala hakumwambia mumewe kitu. Cherehani ilikuwa ikikaa chumba cha mbele, na mzee alikuwa haamki tena kitandani.

"Mbona sikusikii ukishona?" aliuliza.

"Sindano imekatika."

Alivuta pumzi kwa taabu. "Usihangaike. Nikipata nguvu kidogo, nitakwenda dukani mwenyewe nikakununulie."

"Haya, baba watoto."

"Ile nene, ya kushonea jinzi?"

"Hiyohiyo."

Akatoka nje, akajiziba mdomo kwa upindo wa gauni, akalia asisikike. Alitamani kumwambia ukweli, lakini ukweli ungemuua kabla ya kifua.

Dawa zile hazikumfikisha mbali. Mpaka anakata roho alikuwa akimwomba mkewe radhi kwa kuchelewa kwenda dukani.