Mali ya Umma Kule Machimboni

Kaka zake walimwita Mali ya Umma, kwa sababu serikali ndiyo iliyomsomesha udaktari kuanzia mwaka wa kwanza hadi wa mwisho. Sharti lilikuwa moja: akimaliza, aende atakakopelekwa, akakae huko miaka mitano. Alipelekwa kwenye kituo cha afya kando ya machimbo ya dhahabu, mahali ambapo daktari aliyemtangulia alikuwa ameondoka bila kuaga.

Mwaka wake wa tatu, mchana wa jua kali, makundi mawili ya wachimbaji yaligombania shimo. Mtu wa kwanza kuletwa alifika maiti, kichwa kimepasuliwa kwa sululu. Wa pili alikuwa yule aliyempasua. Tumbo lilikuwa limechanwa, na utumbo ameushikilia kwa viganja. Daktari akamlaza mezani, akaanza kazi.

Haukupita muda, ndugu wa marehemu wakafika na mapanga.

"Mtoeni huyo muuaji!"

"Shangazi, funga mlango," daktari alimwambia muuguzi, mama wa makamo aliyeitwa hivyo hata na wagonjwa.

Mlango haukustahimili mateke. Shangazi alirushwa ukutani, jino likamtoka. Kaka mkubwa wa marehemu, pande la mtu, akaiendea meza, panga juu. Daktari akanyakua stendi ya dripu kwa mikono miwili, akamtandika nayo usoni. Jamaa akaanguka. Akamtandika tena pale chini, na tena, mpaka Shangazi akamkumbatia kiunoni.

"Basi, mwanangu, basi! Utaua!"

Ndugu wengine kuona vile, wakatimua mbio. Pale mezani mgonjwa alikuwa ameshakata roho; damu ilimwishia wakati daktari akipigana.

Aliyekuwa bado anapumua ni yule wa sakafuni, na wa kumshona hakuwepo mwingine. Daktari akanawa, akapiga magoti.

"Daktari," jamaa alikoroma, damu ikimbubujika puani, "unanishona au unanimalizia?"

"Nyamaza. Usinifanye nichague."

Alimshona shavu na paji la uso. Jicho la kushoto halikuokoka. Akakata uzi, akanawa tena.

Polisi walimchukua yule jamaa, na wizara ikampa daktari uhamisho. Aliukataa. Wapo waliomsifu kwa ushujaa, lakini yeye aliona tu haya kumwacha Shangazi peke yake na pengo lake. Wakawekewa mlango wa chuma, naye akamaliza miaka yake.

Aliporudi nyumbani, mama yake alimuuliza kama bado analiota lile panga.

"Panga siliogopi, mama. Lile pigo la kwanza lilikuwa la kumwokoa mgonjwa. Yaliyofuata yalikuwa yangu mwenyewe, na niliyaona matamu."

Mama alimsogezea sahani, akamwambia ale, chakula kinapoa.